Baiskeli Mbili na Mlima wa Ganako

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza. Gari la kutuchukua wafanyakazi limesimamishwa kwa sababu wageni ni wachache, kwa hiyo nimepanda kwa miguu kutoka Ganako mpaka lodji, na ule udongo mwekundu umekuwa sabuni. Nimeanguka mara mbili kabla ya kufika kwenye mikaratusi. Nimeingia londri na tope mpaka kiunoni, mimi ambaye kazi yangu ni mashuka meupe.

Nanyokie, ninayefua naye, amenitazama akasema, "Mama Vedasto, leo unaanza na nguo za wageni, au unajitumbukiza wewe kwanza kwenye mashine?"

Yeye mwenyewe alikuwa amefika nyuma yangu, viatu mkononi. 

Alhamisi, 6 Machi

Meneja Ngoitiko ametuita jikoni. Mwenye lodji atanunua baiskeli za umeme kwa ajili yetu tunaotoka bondeni, zote za aina moja ili vipuri visisumbue. Zitaletwa mbili tofauti za kujaribu masika haya, na katikati ya Mei wafanyakazi watapiga kura. Watu wakapiga makofi. Kisha akaongeza kwa sauti ileile ya upole kwamba Juni wageni wanarudi, na asiyefika saa moja kamili asubuhi "atapumzishwa".

Kupumzishwa. Miaka sita nimesimama mbele ya mashine ya pasi mpaka mgongo unauma hata nikiwa nimelala, na sasa nitapumzishwa. Sifa wa jikoni alipumzishwa mwaka juzi. Mpaka leo anapumzika, na mapumziko yake ni kuuza vitunguu juani.

Kwa hiyo baiskeli hii kwangu siyo pambo. Ninataka inayoweza kupanda na mimi na mzigo wangu, inayoshuka bila kuniua, na yenye kiti ambacho mgongo wangu hautakilaani. Sijaona kwamba nimeomba makubwa.

Jumatatu, 10 Machi

Zimeletwa. Kabla hatujazigusa, madereva walikwisha kuzipa majina.

Moja ni ndefu, nyeusi, matairi manene, bomba la fremu limepita juu kama la baiskeli za wanaume. Mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma. Haikulazimishi kupiga pedeli. Unazungusha mkono kama pikipiki nayo inakwenda. Hiyo wameiita Nyati.

Ya pili ina rangi ya maziwa. Fremu yake imeshuka katikati, unaweza kuipanda ukiwa na sketi. Kiti ni kipana na kina springi, usukani umeinuliwa kiasi kwamba unakaa wima. Mota iko katikati, palepale kwenye pedeli, na haikusaidii mpaka wewe mwenyewe upige pedeli. Ina gia. Hiyo wameiita Kitanda.

Martini ndiye aliyetoa majina. Ni mkuu wa madereva, na kwangu ni shemeji, mdogo wake mume wangu. Amepanda Nyati akaenda nayo kwa lami mpaka geti la hifadhi na kurudi, hakulowa hata jasho. Aliposhuka akasema, "Biashara imekwisha. Kitanda wapewe wagonjwa."

Wenzake wakacheka. Meneja naye akatabasamu. Nikauliza kama kuna mtu amejaribu njia ya Ganako. Martini akanijibu, "Shemeji, mlima ni mlima."

Mlima siyo mlima. Ule wa geti una lami.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kutwa nzima. Mashuka hayakauki. Nimefika saa moja na robo.

Ijumaa, 14 Machi

Zamu yangu ya kulala na Kitanda. Nimeshuka nayo jioni polepole, nimeshika breki zote mbili, na breki zimeshika. Asubuhi nimepanda nayo. Nimeweka gia ndogo kabisa, nikapiga pedeli kama mtu anayetembea, na kule kwenye mwinuko wa kigangoni, ambako siku zote nasimama kuhema, nilikuwa bado nimekaa. Nimekaa! Mgongo umenyooka. Nikafika dakika ishirini kabla ya saa.

Kasoro moja: tope hujaa chini ya madigadi ya mbele mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Nimesimama mara moja kulichokoa kwa kijiti. Nitasema waifungue.

Mama mkwe, tunayemwita Aayo nyumbani kwetu, ameizunguka jana jioni kama anakagua ndama.

"Ile nyingine ikoje?"

Nikamweleza.

"Na Martini anaitaka ile nyingine?"

"Anaitaka sana."

"Mwenye gari anataka baiskeli ya nini?" Akabonyeza kiti, kikapanda, akabonyeza tena. "Anataka ninyi mpewe, halafu yeye aazime. Akija hapa Jumamosi akasema shemeji naomba hiyo nitoke kidogo, utamnyima? Huwezi. Chukua hii. Hii hakuna mwanamume atakayeiazima."

Nimecheka, kisha usingizi ukapotea kwa hasira. Hilo sikuwa nimeliona. Madereva wote wana gari la kazi. Hakuna hata mmoja atakayepanda mlima huu kwa baiskeli, na wote wana kura.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimejaribu Nyati. Ili kuipanda nimelazimika kuvuta sketi mpaka mapajani mbele ya watunza bustani. Vidole vya miguu ndivyo tu vilivyogusa chini. Kwenye tambarare inakimbia kweli, sitasema uongo. Kiti ni chembamba na kigumu. Kwenye mwinuko ilianza kuguna, nikaogopa, nikashuka nikaisukuma. Ni nzito kuliko mimi, nadhani.

Nimemweleza meneja. Amesema nimezoea ile nyingine.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimegombana na Nanyokie.

Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye pembe zake, mimi pembe zangu, na mimi nikawa nahesabu watu: wanawake wa londri na wa vyumba ni wa Kitanda, watunza bustani nusu kwa nusu, madereva tunajua. Akasema bila kunitazama, "Usinihesabu. Mimi nitainua mkono kwa Nyati."

Nikadhani anatania. Nanyokie hutania kila kitu. Nikamwambia, wewe umepanga chumba Ganako, mlima wako ndio wangu, unavaa shuka la Kimaasai, utapitisha vipi mguu juu ya lile bomba?

"Mguu ni wangu."

"Umeijaribu?"

"Sihitaji."

"Na Kitanda umekijaribu?"

"Sihitaji, nimesema."

Kumbe zamu zake zote mbili aliwaachia wengine. Hapo nikamwambia maneno ambayo nilikuwa nimeyabeba kwa ajili ya Martini. Nimemwambia amenunuliwa kwa soda za madereva, kwamba anacheka nao mchana na kesho watamcheka yeye akipumzishwa. Aliachia pembe zake. Shuka likaanguka sakafuni, likabidi lifuliwe upya.

Akasema, "Fua wewe."

Nimefua mimi.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nanyokie hasemi nami. Ananipitishia vibanio kama anampitishia mtu asiyemjua.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Nimefika saa moja na dakika ishirini. Nanyokie saa mbili kasoro. Meneja amemwita peke yake. Akarudi anaimba.

Sielewi mtu anayezama huku amekataa kamba.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Njia ya Msalaba tumeifanyia kanisani, nje hapapitiki. Padri ametaka tuwasamehe waliotukosea. Nimejaribu kuanzia kwa yule aliye rahisi. Sikumpata.

Jumatano, 23 Aprili

Kikao. Meneja alitaka kura ipigwe leo leo, mapema, kwa kuwa "mwelekeo unaonekana". Madereva walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wamevuka miguu, hawana safari msimu huu. Wanawake wa vyumba walikuwa nyuma wamesimama na ndoo zao. Nikaona kabisa jinsi mambo yatakavyokwenda, na hasira ikanifanya nizungumze kabla sijajua nitasema nini.

Nikamwuliza Martini mbele ya watu, "Shemeji, nyumbani kwenu dume la kulimia linanunuliwaje?"

Akacheka. "Tumefika kwenye ng'ombe?"

"Linanunuliwaje?"

Akajua ninakokwenda, kwa sababu yeye ni Mwiraqw kama mimi, na nusu ya chumba kile ni Wairaqw. Kwetu dume la plau halinunuliwi mnadani kwa kutazama pembe. Linapelekwa shambani kwa mnunuzi, kwenye mteremko wake mwenyewe, udongo ukiwa umelowa, linafungwa nira na dume lake. Na anayeshika plau siku hiyo siyo mjomba wala jirani mwenye maneno. Ni yule yule atakayelima nalo. Asiyelima hana kauli. Hata kama ndiye aliyetoa ushauri wa kwenda mnadani, anakaa kando.

Mzee wa bustani akaitikia kutoka nyuma, "Ndivyo."

"Basi," nikasema, "anayetaka kupiga kura aanzie Ganako, saa kumi na mbili asubuhi, na mzigo wake, kwa ile anayoisifu. Awe dereva, awe nani. Asiyepanda, akae kando."

Meneja Ngoitiko ni mtu wa Loliondo. Alitutazama kama mtu aliyeingia kwenye ugomvi wa ukoo wa watu. Akauliza, "Hii ni desturi yenu kweli?" Akawa anamwuliza Martini.

Martini alikuna shingo. Kama angesema siyo, wale wazee wa bustani wangeicheka nyumba ya kwao Martini mpaka mavuno. "Ni kweli," akasema. "Lakini ile ni ya ng'ombe."

"Jumatatu," akasema meneja. "Na mimi nitakuwa kwenye geti la lodji."

Wakati wa kutoka dereva mmoja akaninong'oneza, "Mama, mvua hii? Kura yangu chukua." Sikushukuru. Kura ile haikuwa yake.

Jumapili, 27 Aprili

Betri zote mbili nimezichaji mwenyewe londri na nimesubiri mpaka taa zake zote zikawa za kijani. Ninaandika hili ili kesho mtu asiniambie jambo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nitaandika yote.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku na ilikuwa bado inanyesha. Madereva wengine hawakutokea. Alikuja Martini peke yake, ameshushwa na gari la lodji, amevaa buti mpya. Walikuwepo wenzangu wa vyumba, watunza bustani, na Aayo, ambaye hakualikwa, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani. Nanyokie alisimama pembeni chini ya paa la mashine ya kusaga. Hakuja kujaribu. Alikuja kutazama.

Aayo ndiye aliyepima mizigo. Mfuko wa mbaazi kwangu, mfuko wa mbaazi kwa mwanawe. Martini akasema, "Aayo, na mimi?" Akajibiwa, "Wewe ndiye mwenye nguvu, wanasema."

Tukaanza. Nyati ilitoka kama imechomwa mkuki. Kufika kwenye daraja la mbao alikuwa ameniacha mbali, akageuka akapiga kelele, "Shemeji, nikupelekee salamu kwa meneja?" Nilikuwa kwenye gia ndogo, napiga pedeli, napiga pedeli, tope linanirukia usoni, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba niliweza kusikia meno yangu.

Kwenye mwinuko wa kigangoni nilimwona tena. Alikuwa anakwenda polepole sasa, na kadiri alivyokwenda polepole ndivyo alivyozidi kuuzungusha ule mkono. Mota ya gurudumuni haina gia ya kupumzikia. Ikitembea polepole na mzigo kwenye mlima, inakula umeme na kuugeuza moto. Hilo alinieleza fundi mmoja wa mjini, na leo nimelinusa: harufu kama pasi iliyosahauliwa juu ya shuka. Halafu ikanyamaza. Martini akazungusha mkono. Hakuna kitu. Akazungusha tena. Ikaanza kurudi nyuma naye, akaweka miguu chini, buti zikateleza, wakalala wote wawili, yeye chini, Nyati juu, mbaazi kando.

Nilipita. Sitajipamba hapa. Nilipita kando yake nikiwa nimekaa, na nilisikia raha ambayo sitamwambia padri. Juu kwenye mikaratusi gurudumu langu la mbele likakwama kwa tope, nikashuka kulichokoa. Nikiwa pale nikaona ujinga wangu: nikifika peke yangu, watasema aliteleza tu. Nikasimamisha baiskeli, nikashuka kwa miguu, nikashika Nyati kwenye kiti na yeye akashika usukani. Tulisukuma. Uzito wake ni wa mnyama kweli. Mara moja alisema, "Nimeungua kidole, nilipoigusa." Nikamwambia asukume.

Getini meneja alikuwa na mwavuli. Madereva walikuwa wamekaa ndani ya gari, vioo juu. Meneja akauliza imekuwaje. Nikamwacha Martini aseme, nikiamini mtu aliyelaliwa na chuma mlimani atasema kweli.

Martini akawatazama wenzake kwenye gari. Akasema, "Betri haikuwa na chaji ya kutosha."

Taa za betri zilikuwa tatu za kijani. Nilimwonyesha meneja. Akaziona. Akaniambia, "Mama Vedasto, nenda ukabadilishe nguo."

Nimepiga pasi mashuka yote ya leo kwa nguvu ambayo haikuhitajika.

Jumanne, 29 Aprili

Jioni nimerudi londri kuchukua kanga niliyosahau. Uani, kati ya kamba za nguo, Nanyokie alikuwa juu ya Kitanda.

Alikuwa amekaa vizuri, wima, hayumbi hata kidogo. Aliisukuma kwa mguu chini, ikaserereka, akainua miguu yote miwili akaiacha inaning'inia pembeni kama mtu anayetafuta pa kukanyaga. Ikasimama. Akaanza tena. Safari hii mguu mmoja ulikanyaga pedeli, pedeli ikarudi nyuma, ikampiga kwenye mfupa, akatoa neno la Kimaasai ambalo silijui lakini nililielewa.

Aliponiona hakushuka.

"Kwetu Malambo nafuata ng'ombe kwa pikipiki ya kaka yangu," akasema. "Kwenye mawe. Kwenye mto. Muulize mtu yeyote. Baiskeli alikuwa nayo mwalimu tu, na alikuwa anaisukuma." Akaitazama miguu yake. "Hivi vitu nani aliviweka hapa?"

Ndipo nikaelewa. Ile ya kuzungusha mkono angeipanda siku hiyo hiyo, na hakuna ambaye angejua. Hakununuliwa na mtu. Alikuwa anaficha miguu.

Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno la soda. Kilichonitoka ni hasira nyingine. "Miezi miwili! Umeshindwa kuniambia miezi miwili, unachelewa kila siku, meneja anakuita, unaimba?"

"Ulitaka nilie?"

"Nilitaka useme."

"Nikuambie wewe? Wewe unayeandika hata siku mvua isiponyesha?" Akashuka. Akaniita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, lile bomba la Nyati lilimbana Martini pale chini. Nilimwona. Mwanamume mzima. Nifundishe hii."

Nimeshusha kiti chake mpaka nyayo zake zote mbili zikakaa chini. Cha Nyati kisingeweza kushuka hivyo. Tumezunguka uani mpaka mashuka mawili yakachafuka.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Tumefanya kazi. Baada ya kazi, pedeli. Anazipiga kwa hasira kama anaua nyoka.

Jumanne, 6 Mei

Amekwenda mpaka geti la lodji na kurudi. Amesahau kwamba kuna breki za mkononi, amesimama kwa kuparamia ua. Mtunza bustani hajafurahi.

Jumatatu, 12 Mei

Kura. Madereva ambao hawakupanda walikaa kando. Meneja alilisimamia hilo, nami ninamwandikia hapa sifa yake moja. Martini alikuwa na kura kwa sababu alipanda, au tuseme alisukuma. Wengine wote walikuwa wameupanda mlima kwa zamu zao, na Nanyokie aliupanda Jumamosi, nusu kwa kusukuma.

Nyati ikaitwa kwanza. Wapishi, vijana wa bustani. Walisema mvua ni miezi mitatu tu, na iliyobaki ni kiangazi. Kama vile kiangazi kinaushusha mlima. Kikaitwa Kitanda. Wanawake wa vyumba wakainua, mzee wa bustani akainua, mimi nikainua. Sawa kwa sawa. Nanyokie alikuwa hajainua popote. Alikuwa anapiga miayo. Meneja akasema, "Nanyokie?"

"Bado nafikiri," akasema, na akanitazama mimi, akafikiri kwa muda mrefu sana, yule mwanamke, mpaka nikataka kumrushia ndoo. Kisha akainua mkono na bangili zake zote zikashuka mpaka kwenye kiwiko.

Martini hakuinua mara ya kwanza wala ya pili. Baadaye alinipita mlangoni akasema chini chini, kidole bado kimefungwa kitambaa, "Waambie wafungue ile madigadi ya mbele."

Nilikwisha kuwaambia. Sijui nimweke wapi mtu huyu. Aliogopa kusema kweli, na kusema uongo mara ya pili pia alishindwa. Kabla ya leo nilikuwa nimemwandika kwa neno moja.

Jumamosi, 31 Mei

Zimefika, bila madigadi ya mbele. Aayo amebonyeza kiti. Amesema ni ileile.

Jumatatu, 2 Juni

Siku ya kwanza ya saa moja kamili. Masika yamekwisha, lakini usiku ilinyesha ya kuagia, na njia ilikuwa kama tarehe tatu ya Machi.

Nilimpitia Nanyokie chumbani kwake. Tulikubaliana twende pamoja, taratibu, ashike gia ndogo, na mimi nitangulie kumwonyesha pa kupita. Alijibu ndiyo, ndiyo. Shuka jekundu amelifunga kiunoni, mzigo nyuma. Mpaka darajani alikuwa nyuma yangu.

Kwenye mwinuko wa kigangoni gari la lodji lilikuwa limekwama, gurudumu moja limezama kwenye mfereji, Martini amesimama kwenye tope, mikono kiunoni. Aliponiona akaanza kusema, "Shemeji, hebu—" na hapohapo kengele ikalia nyuma yangu. Ikalia tena. Nanyokie akatupita wote wawili, mimi na gari, amekaa wima kama mgeni aliyelipia dirisha, pedeli zinazunguka, na kengele ile hakuiacha mpaka alipoingia kwenye mikaratusi.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Kiti nilikishusha mimi. Tulikubaliana nitangulie mimi.

Hakugeuka hata mara moja. Nimekasirika mpaka juu, na nimefika saa moja kasoro kumi.